Friza ya banda la uani: pima banda kwanza, ndipo uende dukani

Mama alinunua friza yake ya kwanza ya biashara mwezi wa Januari, akaiweka kwenye banda la uani nyumbani kwetu Tanga. Banda la tofali, bati tupu juu, halina dari, na ukuta wake mmoja unatazama magharibi. Friza ilikuwa mpya ya lita 300, bado ina nailoni zake. Vibua alivyochukua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, siku ya tatu walikuwa bado wanabonyea kwa kidole katikati ya rundo. Muuzaji alisema friza ni nzima. Fundi akaja, akasema gesi imepungua, akaongeza, akalipwa. Mwezi wa Mei kompresa, ile mota inayosukuma gesi, ikaungua. Baadaye nilikaa nikakisoma kile kibati cha nyuma, nikaiona herufi moja tu, N, na nikaelewa kwamba mashine ile imetengenezwa kwa mahali pasipozidi nyuzi 32. Kipimajoto nilichotundika bandani saa tisa alasiri kilisoma 41.

Tangu hapo nimesaidia ndugu na majirani kuchagua friza za kuweka nje ya nyumba: stoo, banda la gari, kibanda cha biashara cha mbele, chumba cha uani. Wengi huanza dukani, wakiangalia bei na lita. Ningekuomba uanze bandani. Friza ya sebuleni inakaa kivulini na umeme wake uko karibu. Ya uani inakaa kwenye joto, vumbi na unyevu, mwisho wa waya mrefu.

Hatua ya 1: Pima joto la banda

Nunua kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Kitundike mahali friza itakapokaa, usawa wa kiuno, kisipigwe na jua. Kisome saa tisa alasiri na tena alfajiri, kwa siku tatu au nne. Ukiweza, fanya hivyo kati ya Januari na Machi, maana pwani ndiyo miezi ya joto kali. Kivulini Dar es Salaam hufika nyuzi 31 hadi 33 miezi hiyo, lakini chini ya bati lisilo na dari ni jambo jingine kabisa.

Ukipata zaidi ya 40, usinunue kitu bado. Tengeneza banda kwanza. Piga dari, hata ya ubao mwembamba, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Toboa matundu ya hewa juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana, na uyafunge kwa wavu wa mbu. Ukuta unaopigwa na jua la jioni utengenezee kivuli kwa nje: kibaraza cha makuti, au mti kama unao. Gharama hii inauma kwa sababu haionekani, lakini ndiyo inayoipa kompresa nafasi ya kupumzika.

Wa nyanda za juu wana shida ya kinyume. Makete, Njombe au Mafinga, usiku wa Juni na Julai stoo inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hapo kinachoharibika ni ile friji ya milango miwili, friji chini na friza juu. Nyingi za aina hiyo zina thamostati moja tu, nayo imo upande wa friji. Chumba kikiwa na nyuzi 6, thamostati inaona baridi inatosha, kompresa haiwaki, na nyama iliyo juu inalainika taratibu. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaoweka friji kwenye gereji wakati wa baridi hukutana na tatizo hilihili. Mahali pa baridi nunua friza peke yake, siyo mchanganyiko, na uhakikishe kibati kinaruhusu joto la chini.

Hatua ya 2: Soma herufi za kibati

Kila friza ya kiwandani ina kibati nyuma au ubavuni. Tafuta herufi za tabianchi. SN ni kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Ukikuta SN-T maana yake ni 10 hadi 43, na hiyo inafaa karibu kila mahali kwetu.

Kwa banda la pwani usikubali chini ya T. ST inafaa kama umeshapiga dari na kipimajoto chako hakipandi zaidi ya 35 au 36. N iache, hata kama bei imepunguzwa nusu. Muuzaji akikwambia "hizi zote ni za Afrika", mwombe aigeuze uone kibati. Friza ikizidishiwa joto haizimi siku hiyohiyo. Inafanya kazi bila kupumzika, inakula umeme, na inakufa miezi kadhaa baadaye, wakati muuzaji keshakusahau.

Kwenye kibati hichohicho kuna gesi. R600a na R290 ni gesi zinazowaka moto, na utaona alama ya mwali. Usiziogope, kwani friza ya nyumbani ina gramu chache tu, na ni gesi nzuri kwa umeme na kwa anga. Ila zina masharti mawili. Fundi asiyezijua asiiguse friza yako, na asijaze gesi nyingine, R134a, mahali pa R600a kwa kuwa ndiyo aliyonayo kwenye begi. La pili, na hili ni la watu wa stoo hasa: usiweke mtungi wa gesi ya kupikia, wala dumu la petroli ya jenereta au bodaboda, kwenye chumba kimoja kilichofungwa na friza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, na kompresa ya friza iko hapohapo chini, ikiwaka na kuzima yenyewe usiku na mchana. Ukikosa pa kuweka mtungi, uweke nje.

Hatua ya 3: Umeme unaofika bandani

Hapa ndipo friza nyingi za uani zinapofia, na nitakaa kidogo.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Apime kwa mita kwenye soketi ileile utakayotumia, kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati majirani wanapika, wanapiga pasi na kuwasha feni. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230. Ukipata 215 au zaidi, shukuru. Ukipata 195, kompresa itahangaika kila inapowaka, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka.

Kisha angalia waya. Watu wengi hupeleka umeme uani kwa ekstensheni ndefu iliyopita dirishani. Tuseme umbali ni mita 30, waya ni ule mwembamba wa milimita 0.75 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 60 za shaba, ukinzani wake ni omu 1.5 hivi. Kompresa ikivuta ampea 8 kwa sekunde ile ya kuanza, volti 12 zinapotelea njiani. Toa 12 kwenye 195, unabaki na 183. Mota inanguruma bila kuzunguka, inapata moto, kinga yake inaizima, inapoa, inajaribu tena. Ukisikia friza inalia "klik" kila baada ya dakika chache, ndicho hicho. Waya wa milimita 2.5 za mraba, uliopitishwa kwenye paipu hadi soketi yake yenyewe, hupoteza volti zisizofika 4 kwa umbali huohuo. Friza iwe na soketi yake na breka yake.

Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, isiachwe. Sakafu ya uani huwa na maji, watu huingia peku, na mara nyingi anayefungua friza ni mtoto aliyetumwa barafu. Friza isiyo na ethi ikivuja umeme, mwili wake wote wa bati unakuwa na umeme. Mwambie fundi aipime ethi hadi kwenye nondo yake ardhini, asiridhike kwa kuona tundu la tatu kwenye soketi.

Baada ya hapo weka friji gadi. Kifaa hiki hukata umeme ukishuka mno au ukipanda mno, na ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kule kusubiri ndiko kunakookoa. Kompresa ikizimika, gesi upande mmoja ina mgandamizo mkubwa, na inahitaji dakika 3 hadi 5 kutulia. Umeme wa kukatika na kurudi papo hapo huilazimisha mota kuanza ikiwa imebanwa. Ila friji gadi haiongezi volti. Kama kwako umeme ni mdogo kila usiku, utahitaji stabilaiza, kifaa kinachopandisha na kusawazisha volti, na kwa friza ya lita 200 uwezo wake ulioandikwa usishuke chini ya VA 1000.

Hatua ya 4: Ukubwa, na kosa la kujaza samaki wa moto

Lita zinakwambia nafasi. Hazikwambii kasi. Tafuta kwenye kibati au kitabu chake namba ya kilo kwa saa 24, yaani kiasi ambacho friza inaweza kukigandisha kutoka hali ya kawaida kwa siku moja. Alama ya nyota nne kwenye friza inadai angalau kilo 4.5 kwa kila lita 100. Kwa hiyo friza ya lita 200 ya nyota nne inaahidi kilo 9 kwa siku. Ya nyota tatu hutunza nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini haiahidi kugandisha kitu kibichi. Nyota hizi ni za baridi. Usizichanganye na zile za lebo ya umeme zinazobandikwa kwenye friji Kenya, ambazo zinapima matumizi ya nishati.

Sasa fikiria mtu anayerudi soko la samaki la Feri na kilo 60 za samaki wenye nyuzi 30, anawamwaga wote kwenye friza moja. Kumtoa samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri ni kumwondolea joto la takriban kilojuli 400. Kilo 60 ni kilojuli 24,000, yaani uniti 6.7 za joto. Friza ya nyumbani inayotoa joto kwa wati 120 hivi itahitaji saa 56 ikiwa haizimi, mlango haufunguliwi na umeme haukatiki. Siku mbili na theluthi! Samaki wa katikati ya rundo amekaa kwenye uvuguvugu muda wote huo. Ndiyo vibua vya mama.

Kwa hiyo, chagua hivi. Kama ni chakula cha familia na nyama ya sikukuu, lita 150 hadi 200 zinatosha. Kama ni biashara, anza na kilo unazoingiza kwa siku moja, na ununue friza inayoahidi kuzigandisha kilo hizo. Ikiwa hailingani, ni bora friza mbili ndogo kuliko moja kubwa: moja ya kugandisha, nyingine ya kutunza vilivyokwisha kuganda. Moja ikifa, mtaji wote haufi. Samaki wapoze kwanza kwa barafu, wapange bapa kwenye mifuko ya kilo moja au mbili, wakigusa ukuta wa ndani, usiwarundike. Anayeuza barafu ajue kwamba kilo ya maji inahitaji kuondolewa joto zaidi ya kilo ya samaki, kwa takriban robo.

Hatua ya 5: Ya kulala au ya kusimama

Kwa uani, chukua ya kulala, ile ya kufungua juu. Hewa baridi ni nzito. Ukifunua mfuniko inabaki ndani. Ya kusimama ukifungua mlango inakumwagikia miguuni, na kila mwagiko ni kazi mpya kwa kompresa. Ya kusimama ina faida ya nafasi na ya kuona vitu kwa urahisi, na mzee mwenye mgongo mbovu atakushukuru. Vinginevyo, ya kulala. Mfuniko uwe na kufuli, kwa ajili ya wezi na zaidi kwa ajili ya watoto. Mtoto akiingia friza na mfuniko ukamfungia, hapati hewa.

Hatua ya 6: Hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla

Lebo ya nishati huandika uniti kwa mwaka. Gawanya kwa 365. Friza ya uniti 250 ni kama 0.7 kwa siku, lakini namba hiyo hupimwa maabara, bila mlango kufunguliwa hovyo. Banda la pwani lizidishie mara moja na nusu hadi mbili. Weka uniti 30 hadi 42 kwa mwezi. Mteja wa tarifa ya kawaida, T1, anapata takriban uniti 28 kwa shilingi 10,000 kabla ya kukatwa kodi ya jengo, hivyo tenga shilingi 11,000 hadi 15,000.

Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, D1, aangalie mara mbili. Bei ile nafuu ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 50 ikiongeza friza itauvuka ukomo, na utakachopoteza ni unafuu wa nyumba nzima. Tia hilo kwenye hesabu ya faida kabla ya kusema biashara inalipa.

Hatua ya 7: Mpya au iliyotumika

Siipingi iliyotumika. Lakini iwashe dukani na uiache saa mbili, usikubali dakika kumi. Weka mkono ndani: kuta zote zipate baridi, siyo kona moja tu. Bana noti kwenye mfuniko, vuta. Ikitoka bila upinzani, mpira umechoka. Rudia pande zote nne. Tafuta kiraka cha fundi ndani, yaani gundi au rangi tofauti kwenye ukuta wa aluminiamu. Mara nyingi kiraka ni alama ya kisu kilichotumika kukwangua barafu, na tundu hilo hurudi.

Soma volti na hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Friza iliyotoka Dubai au Oman inaingia kwetu bila tabu: hezi 50, pini tatu za mraba, volti zinazokaribiana. Ya Saudia ni hezi 60. Ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma itabadilisha volti, haibadilishi hezi, na mota yake itazunguka polepole na kupata moto. Ndugu akitaka kukutumia kwenye kontena, mwambie kwa upole akutumie kitu kingine.

Hatua ya 8: Kuiweka

Isafirishwe imesimama. Ikilazwa njiani, mafuta ya kompresa huhama, kwa hiyo isimamishe angalau saa nne kabla ya kuiwasha. Ikilala safari nzima, ipe usiku mzima. Iweke juu ya tofali au stendi ya mbao, isawazike, hewa ipite chini na maji ya kuosha sakafu yasiifikie. Acha sentimita 10 hadi 15 nyuma na ubavuni. Friza nyingi za kulala hutoa joto kupitia kuta zake za ubavu. Ukigusa ukasikia joto, ndiyo kazi yake. Basi usiegemeze magunia hapo, na usipige msumari wala kutoboa ukuta huo kwa sababu yoyote.

Karibu na bahari chumvi hula bati. Pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi kila wiki, ziba mkwaruzo kwa rangi mapema, na angalia nyuma kama panya au sisimizi wamehamia kwenye nyaya. Barafu ya ndani ikifika nusu sentimita, zima, hamisha vitu, weka sufuria la maji ya moto ndani, subiri. Kisu kisikaribie.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza, na siku umeme unapokatika

Iwashe tupu hadi ifike nyuzi 18 chini ya sifuri, ukipima kwa kipimajoto cha ndani. Ingiza vitu kidogo kidogo. Sikiliza: kompresa lazima izime na kupumzika, hata alasiri. Isipozima siku nzima na friza haijajazwa vibichi, rudi hatua ya kwanza kabla ya kumwita fundi wa gesi.

Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, ukiache humo daima. Ukirudi safari ukaikuta sarafu iko juu, kila kitu ni salama. Ukiikuta imezama, umeme ulikatika kwa muda mrefu, vitu vikayeyuka na kuganda tena, hata kama sasa vinaonekana vigumu.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwenye banda la moto hesabu pungufu, na tupia gunia au godoro kuukuu juu ya mfuniko. Liondoe umeme ukisharudi. Jazia nafasi tupu kwa chupa za maji mapema ili siku hiyo ziwe barafu yako. Umeme ukichelewa, gusa: kitu kilicho na chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Kilichopita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili kitupe.

Kwa vibua na jodari usijadiliane na nafsi yako. Wakikaa kwenye uvuguvugu huzalisha histamini, sumu inayowasha uso, kuumiza kichwa na kuharisha, na samaki anaweza asinuke kabisa. Kukaanga hakuiondoi, wala kugandisha upya. Wafukie shimo refu, mbali na paka wa jirani.